Mwavuli Kwenye Kiti E-5

Jumanne, 18 Juni

Nimeibiwa mwavuli. Wa zambarau, mpini wa mbao, nimekaa nao miaka tisa. Niliuacha kwenye ndoo ya miavuli mlangoni mwa Sinema Haessal, nikaingia, nikatazama, nikatoka, ndoo ina miavuli kumi na wangu haumo. Msimu wa mvua haujatangazwa lakini wezi wake wameshafika Seoul. Mzee Pyo, ambaye pale ni meneja, mkata tiketi na mwendesha mashine kwa pamoja, akaniambia, "Labda mtu amekosea, Mwalimu Tak." Amekosea! Mwavuli wa zambarau mtu ataukoseaje? Kuanzia leo mwavuli wangu naingia nao ndani, na atakayenuna na anune.

Filamu ilikuwa "Sauti ya Kutu" ya Ok Bo-ram, mwanafunzi wangu wa zamani. Saa moja na nusu ya wanawake wazee wa kisiwa cha Yeongdo, kule Busan, waliokuwa wakining'inia ubavuni mwa meli na kugonga kutu kwa nyundo mpaka masikio yakafa. Nimeitazama yote mkoba nimeukumbatia kwa mikono miwili.

Jumatano, 19 Juni

Hukumu za wiki kwa gazeti la Pazia. Sheria ni ileile ya miaka kumi na saba: nyota kati ya tano, na mstari usiozidi maneno sita. Wasomaji wanasoma mstari tu, makala zangu ndefu wanafungia samaki.

"Mlima Hautulii", filamu ya fedha nyingi na moshi mwingi. Nyota moja na nusu. Mlima unalipuka, hadithi imelala fofofo.

"Doria ya Watano". Nyota mbili. Mapolisi watano wanagawana mzaha mmoja.

"Sauti ya Kutu". Nyota mbili na nusu. Nyundo zinasikika, wanawake hawasikiki.

Mhariri Ma akapiga simu papo hapo. "Mbili na nusu tu? Wenzako wote wamempa nne!"

"Wenzangu wanapenda kulia."

"Na wewe hupendi?"

"Mimi nalipwa kutazama."

Daftarini humu naweza kuandika ambalo Ma halijui. Mama yangu aligonga kutu Yeongdo miaka ishirini na miwili. Pale gazetini nimesema alikuwa "na kazi bandarini", watu wakafikiria karani. Jana nilimtafuta katika kila uso wa wale wanawake kumi na tisa, na hayumo. Badala ya kufurahi, nikaanza kujiuliza nani alimwonyesha Bo-ram kisiwa kile, na anajua nini juu yangu.

Jumapili, 23 Juni

Simu ya Mama. Ana miaka themanini na mitatu, hasikii, kwa hiyo tunapigiana kelele mpaka jirani wa juu anagonga sakafu.

"Goti vipi, Mama?"

"Nimekula!"

"GOTI!"

"Aa, goti lipo. Jumanne unakwenda wapi?"

Nikamwambia narudi Haessal, saa nne na nusu asubuhi, kuhakikisha hukumu yangu. Akauliza nakaa kiti gani. E-6, nikamwambia, pembeni mwa njia, siku zote. Akanitaka nirudie mara tatu. Tangu lini Mama anajali ninakaa wapi?

Jumanne, 25 Juni

Kuna jambo pale Haessal. Kwenye kioo cha kompyuta ya kuuzia tiketi, viti vilivyouzwa vinageuka kijivu. Nilihesabu kwa jicho la pembeni huku najifanya natafuta miwani: thelathini na vinne kati ya hamsini na vinane. Nikaingia. Ndani tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikoroma.

E-5, kiti cha jirani yangu, ni kijivu, na hakuna mtu. Nikauweka hapo mwavuli wangu mpya, umelowa chapachapa.

Katika kazi yetu mchezo huu una jina, maonyesho ya mizimu. Wenye filamu wananunua viti vyao wenyewe ili filamu ionekane ina watu na isiondolewe. Nilizoea kuona makampuni makubwa yakifanya. Kumbe na wadogo wamejifunza. Sikumuuliza Mzee Pyo kitu. Nikiuliza nitadanganywa, bora nitazame.

Jumatano, 26 Juni

Mvua. Mtaa mzima unanuka pajeon, chapati za vitunguu, zikikaangwa. Nikanunua moja, nikala nimesimama.

Jumapili, 30 Juni

Mama: "Jumanne goti liliniuma, we! Kama nimelitia kwenye barafu."

"Ni mvua, Mama."

"Na siku hiyo nilikuwa Seoul."

"Ulikuwa wapi?"

"Seoul! Roho yangu niliituma."

Nikakaa kitako. Nikamuuliza leo siku gani, akanijibu Jumapili, mwanangu umechanganyikiwa? Nikamuuliza amekula nini, akataja mpaka chumvi. Akili ipo. Basi hiyo roho inatumwaje? Au ndiyo ananiaga?

Jumanne, 2 Julai

Arobaini na kimoja vya kijivu. Watu wanne. E-5 imeuzwa tena, na tena haina mtu. Wezi hawa hata kiti cha jirani yangu hawakukiacha. Mwavuli ukakaa hapo hapo, tone, tone.

Wakati wa kutoka Mzee Pyo akatabasamu. "Leo tumejaa vizuri, Mwalimu."

Ana ujasiri huyu mzee. Kunidhihaki mchana kweupe!

Alhamisi, 4 Julai

"Ngazi ya Chini", filamu ya kutisha. Nyota mbili. Jini lenyewe linaniogopa mimi.

Bo-ram amepiga simu mara mbili. Sikupokea. Mwenye filamu akimpigia mhakiki katikati ya msimu, ana lake jambo.

Jumapili, 7 Julai

Sasa nimeogopa kweli.

"Si mimi peke yangu," Mama ananiambia, "tunatuma wote. Ukumbi mzima!" Yaani ukumbi wa wazee wa mtaani kwao, wanakoshinda wakicheza karata.

"Mnatuma nini?"

"Roho!"

"Nani kawafundisha hayo?"

"Mjukuu wa Bibi Cheon. Anabonyeza simu, basi, roho imekwenda."

"Mnatoa pesa?"

"Kidogo tu. Ni kitu cha heri."

Dhehebu! Nimesoma habari za watu hawa wanaozunguka kwenye kumbi za wazee na nyimbo na sabuni za bure, kisha hati za nyumba za vikongwe zinabadilika majina. Nikapiga kelele, "Mama, usitie saini popote!" Akacheka, akasema simu yake inaishiwa chaji. Goti, akaongeza, linamuuma Jumanne tu, siku nyingine salama.

Nilitaka kumpigia mkuu wa ukumbi nimuulize. Kisha nikafikiri, na huyo je, kama yumo?

Jumanne, 9 Julai

Arobaini na saba vya kijivu, watu watatu.

Lazima niandike na hili. Leo nililia. Kuna bibi mle anayeweka kiganja kwenye ubavu wa meli wakati mwenzake anagonga upande wa pili. Hasikii, ila mkono wake unahesabu mapigo. Nimeipita sehemu hiyo mara tatu bila kuiona. Mama alikuwa akiweka mkono hivyo hivyo mezani nilipokuwa nasoma kwa sauti, na mimi nikimwambia, "Mama, toa mkono, unatikisa meza." Nyota zile mbili na nusu hazikuwa za filamu. Zilikuwa za mtu anayeogopa kuonekana.

Na ndiyo maana nimekasirika zaidi. Filamu nzuri namna ile, na mwenyewe anaichafua kwa viti vya kuiba!

Ijumaa, 12 Julai

Chobok, siku ya kwanza ya joto kali, mji mzima umepanga foleni kula supu ya kuku. Mhariri Ma alinialika. Tukiwa tunachambua mifupa nikamweleza viti vya kijivu. Macho yakamng'aa kuliko mchuzi.

"Andika. Ukurasa mzima."

"Nasubiri nipate uhakika."

"Wiki tatu umehesabu mwenyewe, uhakika gani tena? Bo-ram umemuuliza?"

"Mwizi anaulizwa?"

"Basi andika," akasema, akanimiminia chai ya shayiri.

Jumapili, 14 Julai

Mama hakupokea. Jirani yake kasema yuko ukumbini na wenzake, wanacheka sana. Nimeangalia tiketi za treni ya Busan, nikasema nitakwenda baada ya makala.

Jumanne, 16 Julai

Hamsini na viwili. Watu wawili, pamoja nami. Mwavuli kwenye E-5.

Makala nimemaliza saa tisa alasiri. Kichwa cha habari: "Mizimu ya Haessal." Jina la Bo-ram nimelitaja mara sita.

Alhamisi, 18 Julai

Makala imetoka. Kufikia mchana wenye jengo la Haessal wamemwagiza Mzee Pyo aiondoe "Sauti ya Kutu" kuanzia kesho, mpaka hesabu ya viti ieleweke. Tamasha moja limefuta mwaliko wa Bo-ram. Watu wananiandikia kunipongeza kwa ujasiri. Mimi kwa kawaida sisomi maoni ya mtandaoni, leo nimeyasoma yote, na kila moja limenipa baridi.

Ijumaa, 19 Julai

Bo-ram amekuja gazetini. Hakuwa na mwavuli, nywele zimemganda usoni, mkononi ana bahasha ya plastiki yenye karatasi. Aliinama, akanisalimu kwa heshima zote kama zamani darasani, na heshima ile iliniuma kuliko tusi. Ma akajifanya ana simu, akatoka.

"Mwalimu, nimekupigia mara nne."

"Niliona."

"Ungeniuliza tu. Neno moja. 'Bo-ram, viti hivi ni vya nani?' Ningekujibu."

"Basi nijibu sasa."

Akaketi. Akanieleza polepole. Mwezi wa tano aliwaonyesha wale bibi filamu yao ukumbini kwao. Wakapiga makofi, kisha mmoja akauliza, je, Seoul wataiona? Akawaambia ukweli, filamu ndogo ikikosa watu wiki mbili inaondolewa. Wao kuja hawawezi, magoti, viuno, safari ndefu. Ndipo mjukuu wa Bibi Cheon akawaambia wanavyofanya vijana siku hizi kwa filamu wanayoipenda wasipoweza kufika. Unanunua kiti, mwili unabaki nyumbani, roho inakwenda kuketi. Wanaita kutuma roho.

"Kutuma nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Roho, Mwalimu. Kila mtu anajua. Mzee Pyo alidhani na wewe unajua. Wakati mwingine kabla ya kuwasha mashine anawaambia, 'Karibuni, bibi zangu,' chumba kitupu."

Mwanzoni walikuwa wale kumi na tisa na majirani zao. Kisha wauza samaki, kisha wajane wa mabaharia, kisha watu wasioifahamu hata Yeongdo. Bo-ram akatoa karatasi. Kila kiti na jina. Bibi Cheon mwenyewe B-3, kwa sababu haoni mbali. Akawa ananisomea kwa kidole, na mimi nikawa naona tunakoelekea, natamani aache, na siwezi kumwambia aache.

"E-5," akasema. "Gu Mal-sun."

Nikasema polepole, "Huyu yumo kwenye filamu?"

"Alikataa. Nilimbembeleza siku tatu. Ndiye alikuwa mgongaji hodari kuliko wote, wenzake wanasema. Aliniambia ana binti Seoul mwenye jina kubwa kwenye mambo ya filamu, asije akaaibishwa na mama mwenye nyundo. Kila nilipowasha kamera alijificha nyuma ya mlango." Bo-ram akacheka kidogo, bila furaha. "Lakini kiti anadai hicho hicho kila Jumanne. Akikikosa analia. Anasema E-6 kuna mtu wake, anataka kukaa naye." Akaniangalia. "Mwalimu, E-6 hukaa nani?"

"Mimi."

Mvua ilikuwa ikipiga madirisha. Bo-ram alijiziba mdomo kwa kiganja. Nilijaribu kuomba radhi nikashindwa kumaliza sentensi, mimi niliyeishi kwa kukata sentensi za wengine. Alisimama, akainama tena.

"Mimi utaniomba radhi gazetini, Mwalimu. Wao wengine wote sijui utawaomba wapi."

"Wangapi?"

"Watu mia tatu na thelathini na kitu. Hatukuhesabu kama ulivyohesabu wewe."

Jumamosi, 20 Julai

Mvua ya kuvunja paa. Nimekaa kitandani. Kichwani ni jambo moja tu, mwavuli ule uliolowa.

Jumapili, 21 Julai

Nilipiga mimi, kabla ya saa yetu.

"Mama, ni mimi niliyeifungisha ile filamu."

"Nasikia vibaya!"

"NI MIMI NILIYEIFUNGISHA!"

Jirani wa juu akagonga.

"Bibi Cheon analia tangu Alhamisi," akasema Mama. "Anasema watu wa Seoul wametuita mizimu."

"Mimi ndiye niliyewaita."

"We Hyeon-suk. Nilikwambia natuma roho. Nilikwambia kila Jumapili."

"Nilidhani unakufa, Mama. Kisha nikadhani mmeingia dhehebu."

"Sasa kwa nini hukuuliza?"

Nikamuuliza mimi safari hii, kwa nini alijificha nyuma ya mlango. Akasema, "Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukanikuta langoni mwa shule nikiwa na nguo za kazi, ukapita kama hunijui. Nikajua hupendi. Basi." Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei ya figili. Nililia mpaka akaniambia nikanywe maji.

Jumatatu, 22 Julai

Nimeandika ukurasa mzima, ukubwa uleule wa makala ya kwanza. Nimetaja viti, majina, na kwamba sikumuuliza mtu hata mmoja. Nimetaja jina la Mama, na kazi yake, na nyundo, na miaka ishirini na miwili.

Ma aliusoma akavua miwani. "Ulihukumu filamu ya wenzake mama yako na hukusema?"

"Sikusema."

"Nikichapisha hii siwezi kukuachia nyota, Mwalimu Tak. Unalijua hilo."

"Chapisha."

Miaka kumi na saba. Nimebeba vitu vyangu kwenye boksi la tambi, na nusu yake ni kalamu zilizokauka.

Alhamisi, 25 Julai

Imetoka. Tamasha lile halijamrudishia Bo-ram mwaliko, na sidhani litamrudishia. Haessal wamekubali onyesho moja tu, Jumanne ijayo, la kuagia. Sijapongezwa na mtu yeyote.

Jumanne, 30 Julai

Redio imesema msimu wa mvua umekwisha jana. Leo imenyesha.

Nilifika saa nne. Kioo cha tiketi kilikuwa kijivu chote isipokuwa E-6. Nikanunua. Mlangoni nikainama kuweka mwavuli wangu kwenye ndoo, nikaukuta wa zambarau, mpini wa mbao, umejaa vumbi.

"Huu!"

"Aliyekosea aliurudisha siku ya pili tu," akasema Mzee Pyo. "Upo hapo mwezi mzima na zaidi. Nilidhani umeamua kubadilisha rangi."

Sikuwa nimeitazama ndoo ile tena tangu siku nilipoamua wote ni wezi. Nikaiacha miavuli yote miwili humo.

Ndani niliifuta E-5 kwa leso, kitako na mgongo, nikaishusha ikae wazi, nikaishikilia kwa mkono, maana viti vile vinajikunja vikikosa uzito. Bo-ram alikuwa amesimama nyuma kabisa, hakuja karibu nami, na ana haki. Mzee Pyo akasema, "Karibuni, bibi zangu," akazima taa. Niliishikilia E-5 saa moja na nusu, mkono ukaniuma hadi begani. Mle walikuwa wamejaa. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Jioni Mama akapiga.

"Niliketi vizuri?"

"Uliketi vizuri, Mama. Lakini nina la kukwambia. Wiki zile zote, kiti chako, sikujua ni chako. Nilikuwa nakuwekea mwavuli uliolowa."

"Nini?"

"MWAVULI! ULIOLOWA! JUU YAKO!"

Nikamsikia anageuka, anawatangazia wenzake ukumbini kwa sauti yake ya kiwanda, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Si niliwaambia mimi!" alikuwa akipiga kelele. "Si niliwaambia goti hili Jumanne lina sababu!"